Pinboli ya Windows XP katika Laptopu Mpya: Jibu kwa Mwalimu wa Wete

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Nyumbani kwetu palikuwa na kompyuta ya mezani ya Windows XP, na sote tulikua tukicheza ule mchezo wa pinboli, wa kurusha gololi juu ya meza, wenye meza ya anga. Kompyuta yenyewe imekufa, ila diski yake imetolewa nzima. Laptopu yangu ya sasa ni ya Windows 11 na mchezo huo haumo. Ninazo pia CD mbili za michezo ya zamani. Ya kwanza nikiifungua naambiwa kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi katika kompyuta hii. Ya pili inakubali kusakinishwa, lakini nikibofya mchezo kiduara kinazunguka kidogo, kisha hakitokei kitu. Kwa nini Microsoft waliuondoa mchezo wa pinboli? Naweza kuurudisha, pamoja na alama zilizokuwamo? Kaka yangu aliyeko Maskati hadi leo anadai kwamba rekodi ya nyumba ni yake. CD zangu zina dawa? Na shemeji yangu mwenye mkahawa Mji Mkongwe anataka kuagiza mashine ya pinboli ya kweli, nimwambie nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwalimu.

Mchezo wa kompyuta huandikwa kwa ajili ya mashine za wakati wake, na hutegemea kasi ya mashine hizo, kadi yake ya sauti, kioo chake na mfumo unaoiendesha. Kwa hiyo mchezo wa zamani unapogoma, jambo la kwanza la kujiuliza ni kwamba ulitarajia kukuta mashine ya namna gani. Michezo yako mitatu inaelekea kutoka katika zama tatu tofauti, ndiyo maana kila mmoja umegoma kwa namna yake, na dawa ya mmoja haiufai mwingine. Watu wengi huiruka hatua hii, wakaandika jina la mchezo mtandaoni na kupakua faili la kwanza linalojitokeza, na huo ni mmoja katika milango mipana ya virusi. Wewe, kwa bahati njema, huna haja ya kupakua pinboli yako popote, kwa sababu umeshaishika mkononi.

Jina lake kamili ni 3D Pinball for Windows – Space Cadet, na haikutungwa na Microsoft. Ilitengenezwa na kampuni ya Cinematronics, ikiwa ni meza moja kati ya tatu za mchezo uitwao Full Tilt! Pinball, ambao kampuni ya Maxis iliuuza mwaka 1995. Microsoft waliichukua meza hiyo moja, wakaiweka katika Plus!, kifurushi cha nyongeza kilichouzwa kwa ajili ya Windows 95, kisha ikaingia katika Windows NT 4.0, Windows 2000, Windows ME, na mwisho Windows XP. Windows Vista ilipofika madukani mwaka 2007, meza ile haikuwamo tena.

Sababu yake ilielezwa mwaka 2012 na Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft wa siku nyingi. Wakati wa kuzihamisha programu za Windows kutoka biti 32 kwenda biti 64 (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa namba ambazo programu huzishika kwa mkupuo mmoja), pinboli iliharibika kwa namna ya ajabu: gololi ilifika mahali pake pa kurushiwa, kisha badala ya kutulia ikaanza kushuka taratibu, ikapenya katikati ya kisukumio na kutokomea chini ya meza. Hesabu za kutambua kwamba gololi imegusa kitu zilikuwa zimevurugika, na mtu yeyote aelewaye pinboli anajua kwamba mchezo wote umo katika hesabu hizo. Wahandisi walidhani chanzo ni tofauti ndogo za kukadiria desimali, lakini hawakuweza kupaona penye kosa, kwa kuwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa umeandikwa miaka mingi nyuma na kampuni ya nje, na karibu wote haukuwa na maelezo yoyote ya kumwongoza msomaji. Walikuwa na mamilioni ya mistari mingine ya kuhamisha, basi wakaamua kuiacha pinboli nyuma.

Chen huyo huyo amesimulia kisa kingine ambacho kitakufaa tutakapofika kwenye CD yako ya kwanza. Mchezo huu uliandikwa uchore picha kwa kasi yote ambayo kompyuta inaiweza. Kompyuta zilipozidi kuwa na nguvu, ulijikuta unachora picha nyingi kupita kiasi na kumeza nguvu zote za prosesa bila mchezaji kuona faida yoyote. Aliuwekea kikomo cha picha 100 kwa sekunde, na mzigo wa prosesa ukashuka hadi kama asilimia moja.

Sasa, kuondolewa hakuna maana ya kushindwa kufanya kazi. Nakala iliyomo katika XP ya kawaida ni ya biti 32, na Windows 11, ijapokuwa yenyewe ni ya biti 64 tu, bado inaziendesha programu za biti 32 bila taabu. Unachohitaji ni kulitoa folda zima la mchezo katika diski ya zamani na kuliweka katika laptopu.

Itazame kwanza diski yenyewe kwa nyuma. Ikiwa ina safu mbili ndefu za sindano, ni ya aina ya IDE. Ikiwa ina vijino viwili vyembamba vilivyo bapa, ni SATA. Nunua kigeuzi cha aina hiyo kinachoishia kwenye USB, na uhakikishe kwamba kina waya wake wa umeme, kwa sababu diski ya kompyuta ya mezani inahitaji volti 12 ambazo tundu la USB halizitoi. Hapa kuna tahadhari ya kwetu visiwani: laptopu ina betri, lakini diski iliyo nje haina, na umeme ukikatika wakati sahani zake zinazunguka, diski iliyozeeka inaweza isiamke tena. Pemba tunapata umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hali ni afadhali sana kuliko enzi za majenereta ya Wesha, hata hivyo mimi singeunganisha diski ya aina hiyo bila kupitia kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati diski, kataa mara moja na umpelekee fundi. Ukikubali unaweza kuyapoteza yote yaliyomo.

Diski ikishaonekana, tuseme kama E:, nenda kwenye E:\Program Files\Windows NT\Pinball. Nakili folda zima hadi kwenye Documents ya laptopu, usichukue PINBALL.EXE peke yake. Michoro na umbo la meza vimo katika PINBALL.DAT, sauti zimo katika mafaili ya WAV, na muziki umo katika PINBALL.MID, programu ikiwakosa wenzake hawa haitakwenda mbali. Kisha bofya PINBALL.EXE ucheze. Usishangae dirisha likiwa dogo, kwani lilipimwa kwa vioo vya nukta 640 kwa 480. Mkono wa meza unaoipiga gololi upande wa kushoto ni herufi Z, wa kulia ni alama ya mkwaju (/), na gololi hurushwa kwa kushikilia kitufe kirefu cha nafasi. Baadhi ya laptopu za mtumba zinazotoka Ulaya zina kibodi ambayo mkwaju umehamishwa pengine. Katika hali hiyo bonyeza F8 ujichagulie vitufe vyako.

Ipo pia njia ya pili, kwa wanaotaka meza ijae kioo au wanaotumia Linux na Mac. Wataalamu wa kujitolea wameufumua mchezo huu na kuuandika msimbo wake upya, na toleo lao linakubali kujengwa hata kwa biti 64, jambo lililowashinda wenyewe Microsoft wakati ule. Toleo hilo huja bila michoro wala sauti, kwa hiyo bado utahitaji folda lile lile kutoka XP. Nakushauri uanze na nakala ya asili, na uijaribu hiyo mpya baadaye ukiona macho yanachoka.

Kuhusu rekodi ya kaka yako, ukifungua mchezo katika laptopu hutaiona, na wengi hapo hudhani imepotea. Alama hazihifadhiwi katika folda la mchezo. Zinahifadhiwa katika rejista ya Windows, yaani ghala la mipangilio ya mfumo na programu zake, sehemu ya mtumiaji, na sehemu hiyo yote ni faili moja lililofichwa linaloitwa NTUSER.DAT, ambalo limo ndani ya Documents and Settings chini ya jina la kila mtumiaji. Windows ikikwambia huna ruhusa ya kuingia humo, kubali kuendelea nayo itakufungulia. Linakili faili hilo, ufanye kazi na nakala tu. Fungua regedit, programu ya kuifungulia rejista, kama msimamizi, simama juu ya HKEY_USERS, ingia katika menyu ya File uchague Load Hive, onyesha nakala yako na uipe jina lolote. Ndani yake fuata Software, Microsoft, Plus!, Pinball, SpaceCadet, na hapo utaona majina na alama za wachezaji watano wa juu. Ukimaliza, rudi juu ya jina ulilolipa na uchague Unload Hive.

Ukitaka alama hizo zionekane ndani ya mchezo wenyewe, hamisha tawi hilo lote kwa Export, badilisha njia yake katika faili liwe chini ya HKEY_CURRENT_USER, kisha liingize. Usiguse tarakimu yoyote njiani. Pamoja na alama huhifadhiwa nambari ya uthibitisho, na hesabu zisipolingana, mchezo huifuta orodha nzima. Kwa maneno mengine, mtu anayeingia kwenye rejista na kujiongezea sifuri mbili hajipatii rekodi. Kama jina la kaka yako litakutwa juu, sina budi kumwamini.

CD ya kwanza ni habari nyingine. Ujumbe uliouona, kwa mchezo wa umri huo, karibu kila mara maana yake ni programu ya biti 16, yaani iliyoandikwa kwa ajili ya MS-DOS au Windows 3.1, mifumo iliyotangulia Windows 95, na Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa. Kubofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua hali ya utangamano, ushauri unaotolewa kila kona, hapa hakusaidii kitu. Soma maandishi ya jalada. Ikiwa imeandikwa MS-DOS, dawa yake ni DOSBox, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002, ambayo ndani ya kompyuta yako huigiza kompyuta nzima ya zamani pamoja na kadi yake ya sauti. Tengeneza folda C:\MICHEZO, weka mafaili ya mchezo humo katika folda lenye jina lisilozidi herufi nane, fungua DOSBox, kisha andika mount c c:\michezo, ubonyeze Enter, ufuatishe c: na cd yenye jina la folda, na mwisho jina la faili la kuanzishia mchezo. Programu ya usakinishaji ikikuuliza kuhusu sauti, chagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Hivyo ndivyo DOSBox inavyokuja tayari, wala huna haja ya kukisia.

Halafu kasi. Michezo mingi ya wakati huo, kama pinboli kabla ya kuwekewa kikomo, ilienda na mbio za mashine. Mkichezea kwenye DOSBox mkaona gololi inapita kabla jicho halijaifuata, bonyeza Ctrl na F11 kupunguza mizunguko, au Ctrl na F12 kuiongeza, mpaka mwendo uwe wa kibinadamu. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 hukiachilia. Ikiwa mchezo wako ni pinboli ya DOS kama Epic Pinball ya mwaka 1993 au Pinball Fantasies, DOSBox inaziendesha vizuri mno.

Kwa mchezo wa Windows 3.1 iko programu ndogo iitwayo otvdm inayoziwezesha programu za biti 16 kufunguka katika Windows ya sasa. Na kama jalada linasema Windows 95, usikate tamaa mapema: mara nyingi mchezo wenyewe ni wa biti 32, isipokuwa programu yake ya usakinishaji ndiyo ya biti 16. Hapo otvdm inaweza kutumika kusakinishia tu, na mchezo ukaendelea peke yake.

CD ya pili, inayosakinishwa kisha ikanyamaza, ina dalili za kinga ya nakala, hasa ikiwa ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000. Michezo mingi ya wakati huo ilifungwa kwa kinga iitwayo SafeDisc, ambayo ilitegemea faili la mfumo liitwalo secdrv.sys. Faili hilo lilikaa ndani kabisa ya Windows na kugeuka kuwa tundu la kiusalama, hivyo tangu Windows 10 ya mwaka 2015 Microsoft hawalikubali tena. Mchezo unalitafuta, haulioni, unajifunga bila neno. Tafuta kwanza kama kampuni iliyouchapisha ilitoa sasisho linaloondoa kinga hiyo, kwani baadhi zilifanya hivyo. Kama hakuna, angalia kama mchezo unauzwa upya katika duka la mtandaoni la GOG, ambalo tangu mwaka 2008 linauza michezo ya zamani iliyokwisha kurekebishwa na kuondolewa kinga. Njia ya tatu ni kuitafuta kompyuta ya mtumba ya enzi za XP, ambayo bei yake siku hizi ni ndogo, na kuiweka kwa michezo tu pasipo kuiunganisha na intaneti hata siku moja. Zile faili za kuvunja kinga zinazogawiwa mitandaoni sikushauri, kwa sababu huna namna ya kujua kilichofungwa ndani yake.

Kabla ya hayo yote, zitoe CD zako nakala wiki hii. Unyevu wa Pemba na chumvi ya upepo wa bahari haviziachi salama, na kuvu hupenda kujificha chini ya lebo. Zifute kwa kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo, kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mchezo wenye muziki uliorekodiwa kama nyimbo za CD usiunakili kama ISO, aina ya nakala ya CD katika faili moja, maana ISO huziacha nyimbo nje; chagua nakala ya aina ya BIN na CUE, ambayo DOSBox huisoma kwa amri ya imgmount.

Limebaki la shemeji. Pinboli ya kweli ni kazi ya ufundi wa chuma na umeme, na kitovu chake tangu mashine ya Baffle Ball ya mwaka 1931 ya David Gottlieb ni mji wa Chicago. Mashine huzidi kilo 100, meza yake huinama kama nyuzi sita na nusu, na gololi ya gramu 80 hugonga kila kitu siku nzima, hivyo kuharibika ni sehemu ya maisha yake ya kawaida. Mashine mpya ya kampuni ya Stern hufikia dola 7,000 na zaidi kabla ya meli na ushuru. Nisingemkataza, lakini namtaka aulize kwanza nani ataitengeneza, kwa sababu fundi wa friji hodari wa Darajani bado hajawahi kuona koili ya mkono wa pinboli.

Akikazia, atafute mashine iliyokuwa ikifanya kazi Ulaya, si Marekani. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) kama wao, ilhali wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma ya dukani hurekebisha volti lakini hezi huzibakiza zilivyo, na transfoma ya ndani ya mashine inaweza kupata joto kupita kipimo. Aiweke mbali na mlango unaopokea upepo wa bahari, kwani chumvi hula swichi za meza zote, na apime ngazi na vichochoro vya mtaa wake kabla hajalipa.

Liko na la majirani. Mashine yenye tundu la sarafu na taa zinazowaka itaitwa kamari kabla haijawashwa, na shaka hiyo si ya kwetu tu: mji wa New York uliipiga marufuku pinboli mwaka 1942 kwa sababu hiyo hiyo na haukuiruhusu hadi 1976, ijapokuwa ile mikono inayompa mchezaji uwezo wa kuiongoza gololi ilikuwa imeshaingia tangu 1947. Mashine hizi hazitoi pesa, zaidi ya mchezo wa bure kwa aliyepata alama nyingi. Hata hivyo aende kwa sheha na aulize kibali mapema, na ikiwezekana aliondoe tundu la sarafu kabisa, wateja wacheze bure wakisubiri chai. Kama shida yake ni kivutio tu, Visual Pinball ni programu ya bure inayoigiza meza nyingi halisi kwa kompyuta na runinga kubwa iliyolazwa. Na kwa uzoefu wangu wa mabaraza ya Mji Mkongwe, meza ya keramu ingemjazia mkahawa kwa gharama ya poda.

Akishaagiza, katika sanduku hilo hilo aombe raba za meza nzima, fyuzi za kila kipimo, glopu, koili mbili za mikono, gololi za akiba na kitabu cha michoro ya umeme. Na muuzaji azitoe betri ndogo zilizo kwenye bodi kuu kabla mashine haijapakiwa, kwa sababu zikivuja njiani huila bodi yenyewe.